UZI: Wodi zenye makosa mengi kwenye daftari ndizo zilizokuwa bora. Safari ya Profesa Amy Edmondson

Sista_wa_Zamu

Wadau, salaam zenu. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika kidogo kidogo nikitoka zamu za usiku, naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa rohoni zaidi ya mwaka.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 sasa kazini, wodi ya magonjwa ya ndani. Nilipopewa uinchaji, yaani kusimamia wodi, nilikabidhiwa funguo za kabati la dawa, orodha ya vifaa na daftari la matukio. Nikalifungua. Mwaka mzima mistari minne: wagonjwa watatu walioanguka kitandani, na mashine moja ya presha iliyopotea. Wodi imejaa, dripu zinafungwa usiku kucha, sista mmoja na mhudumu mmoja wanazunguka na tochi umeme ukikatika, halafu mwaka mzima hakuna dozi iliyorukwa? Hakuna dawa iliyokwenda kitanda kisicho chake? Nilijua si kweli. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, niliwahi kumpa mgonjwa dawa ya jirani yake. Hakudhurika, nikamshukuru Mungu, na sikuandika popote. Nilikuwa nimeshamwona mwenzangu akipewa barua ya kujieleza kwa jambo dogo kuliko hilo.

Baadaye kwenye kozi ya uongozi nikakutana na jina la Amy Edmondson, profesa wa shule ya biashara ya Harvard kule Boston. Nilishangaa mtu wa shule ya biashara anatafuta nini wodini. Kumbe maisha yake yote ya kazi yameanzia kwenye daftari kama hilo langu.

Miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu. Kulikuwa na timu ya madaktari na wauguzi watafiti waliokuwa wanachunguza makosa ya dawa katika hospitali mbili: dawa siyo, kipimo siyo, mgonjwa siye. Kwa miezi sita wauguzi waliofunzwa kwa kazi hiyo walipita wodini, wakapekua mafaili, wakaongea na watu, wakahesabu. Edmondson aliachiwa swali moja la pembeni: je, wodi yenye timu nzuri hukosea kidogo kuliko wodi yenye timu mbovu? Akachukua dodoso la kupima timu, la aina aliyokuwa akiitumia mwalimu wake Richard Hackman, akaligawa katika wodi nane.

Jibu alilolitarajia ni lile ambalo yeyote kati yetu angelitarajia. Watu wanaoelewana, wenye inchaji anayefikika, watakosea kidogo. Namba zilipotoka zilikuwa kinyume. Wodi zilizopata alama za juu kwa ushirikiano ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo ninapompendea. Mwanafunzi ana tasnifu ya kumaliza, wakubwa wanasubiri, na matokeo yanasema kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili zake angekiamini. Amesimulia mara nyingi jinsi moyo ulivyomwanguka siku ile. Wengi wetu tungetafuta mahali data ilipoharibika, au tungeufungia utafiti kabatini. Yeye akajiuliza swali lingine: itakuwaje kama hawa hawakosei zaidi, ila wao ndio wanaosema? Kwamba kwenye zile wodi nyingine makosa yapo, ila yanazikwa na mtu aliyeyafanya?

Lakini wazo zuri si ushahidi. Akamtafuta msaidizi wa utafiti, akamtuma wodini bila kumwambia matokeo wala dhana yake. Akae tu, atazame, aongee na watu, kisha azipange wodi kwa jinsi watu wanavyozungumza kwa uwazi. Alivyozipanga ilikaribia kulingana kabisa na hesabu ya makosa. Katika wodi moja alimkuta kiongozi wa wauguzi amevaa nguo za kazini kama wengine, mikono kwenye kazi, na wauguzi wakasema kwamba kwa dawa kali kama hizi kukosea kupo, lazima tusemezane. Kwingine kiongozi alikuwa kwenye suti, mazungumzo yakifanyika mlango ukiwa umefungwa, na wauguzi wakasema ukikosea unawekwa kizimbani. Hospitali ni ileile, sera ni zilezile, ngazi za mishahara ni zilezile.

Makala ya utafiti huo ilitoka mwaka 1996, mwaka uleule alipomaliza uzamivu na kuanza kufundisha shule ya biashara. Mimi nilipoimaliza kuisoma nililitoa lile daftari langu na nikaona aibu kwa namna nilivyokuwa nalisoma miaka yote. Karatasi nyeupe nilikuwa naihesabu kuwa sifa.

Nitaendelea. Karibuni.

Takwimu_Tupu

Dada, uzi mzuri, ila lazima niseme hili. Wodi nane ni chache mno. Ukiwa na nane, moja tu ikikaa upande mwingine mstari wote unayumba. Halafu makosa yaliyogunduliwa na makosa yaliyotokea ni vitu viwili, na hicho cha pili hakuwa na njia ya kukihesabu. Wodi iliyonyamaza inaweza kuwa imeficha mengi, inaweza pia kuwa kweli haina. Sisemi kwamba kakosea, nasema ushahidi wenyewe ulikuwa mwembamba.

Sista_wa_Zamu

Mkuu, uko sahihi, na ndiyo maana hakuishia hapo. Wodi nane zilimpa swali. Jibu alikwenda kulitafuta mbali kabisa na hospitali, kwenye kampuni moja inayotengeneza samani za ofisi, timu 51. Makala yake ilitoka mwaka 1999 katika jarida la Administrative Science Quarterly, na ndiyo makala ambayo watu wa fani hiyo wameitaja pengine kuliko nyingine yoyote aliyoandika.

Pale alitengeneza sentensi saba ambazo mwanatimu anaambiwa aseme anakubali kiasi gani. Nazieleza kwa maneno yangu: kwamba ukikosea katika timu hii kosa hilo utabebeshwa, kwamba hapa watu wanaweza kuleta mezani jambo gumu, kwamba hapa mtu anaweza kukataliwa kwa kuwa tofauti, kwamba ni salama kujaribu, kwamba ni vigumu kuomba msaada, kwamba hakuna anayeweza kunihujumu kwa makusudi, kwamba ujuzi wangu unathaminiwa. Sentensi tatu kati ya hizo zimegeuzwa makusudi ili mtu asijaze tu "nakubali" mpaka chini.

Na ubora wa kazi hakuwauliza wanatimu wenyewe tu, aliwauliza pia watu wa nje wanaopokea kazi yao. Alichokipata ni mnyororo: timu yenye usalama huo huuliza zaidi, huomba maoni, hurudi kwenye kosa na kulichambua, na kule kujifunza ndiko kunakoinua kazi. Jambo jingine nililolipenda: timu kuamini tu kwamba "sisi tunaweza" hakukueleza kujifunza pale usalama ulipowekwa kwenye hesabu. Kujipa moyo hakukutosha.

Jina aliloliita ni usalama wa kisaikolojia. Na hajawahi kudai kalibuni yeye. Edgar Schein na Warren Bennis walishalitumia mwaka 1965, na William Kahn akalirudia mwaka 1990 akimtazama mtu mmoja mmoja na kazi yake. Alichofanya Edmondson ni kulitoa kwa mtu mmoja na kuliweka kwenye timu: imani ya pamoja kwamba hapa mtu anaweza kuuliza, kukiri au kupinga bila kuaibishwa.

Mwalimu_Kakamega

Asante sana dada kwa hii. Mimi ni mwalimu huku Kenya na nina wanafunzi wa kidato cha nne wanaoniuliza kila siku wasomee nini. Swali langu ni hili: mtu anafikaje hapo? Alianza na biashara? Saikolojia?

Sista_wa_Zamu

Mwalimu, hakuanza na hata kimoja. Shahada yake ya kwanza, mwaka 1981, ilikuwa ya uhandisi na ubunifu, hapohapo Harvard. Akiwa mwaka wa mwisho, hajui aende wapi, alimwandikia barua Buckminster Fuller, yule mzee aliyejulikana dunia nzima kwa majengo ya kuba, akimwomba ushauri tu kuhusu kazi. Mzee akamjibu, na ndani ya jibu kulikuwa na kazi. Akawa mhandisi wake mkuu katika miaka ya mwisho ya maisha ya Fuller, ambaye alifariki mwaka 1983. Kisha akatumia miaka akiandika kitabu cha kueleza hesabu za Fuller kwa watu wa kawaida, kikatoka mwaka 1987.

Baadaye akawa mkurugenzi wa utafiti katika kampuni iliyokuwa inaendesha mafunzo ya mabadiliko kwa makampuni makubwa. Hapo ndipo alipokaa na mameneja na wafanyakazi, akaona taasisi zenye watu hodari zikishindwa kujifunza kitu ambacho kila mtu mmoja ndani yake anakijua. Hilo lilimsumbua kiasi cha kurudi darasani, akasoma saikolojia, kisha uzamivu wa tabia za watu kazini. Alipopata shahada hiyo alikuwa na miaka 37 hivi.

Kwa hiyo waambie wanafunzi wako kwamba uhandisi haukupotea. Ukisoma makala zake utaona bado anauliza kama mhandisi: mzigo uko wapi, na kiungo gani ndicho kinachokatika.

Mwalimu_Kakamega

Miaka 37! Kesho asubuhi naenda kuwaambia. Barikiwa.

Baba_Utumishi

Nimefanya kazi ya utumishi zaidi ya miaka 20. Naheshimu elimu ya huyo mama, lakini naomba tuseme ukweli. Mwambie mfanyakazi kwamba akikosea hatabebeshwa, na baada ya mwezi ofisi haina nidhamu. Mtu anachelewa, anaacha mlango wa stoo wazi, anakuja kazini amelewa, halafu anasema nina usalama wa kisaikolojia. Mgonjwa akifa kwa dozi isiyo sahihi, familia yake utaiambia nini, kwamba tulikuwa tunajifunza?

Sista_wa_Zamu

Baba, swali lako ni zito na nimelala nalo.

Huyu mama hakusema watu wasidaiwe. Anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavibandika pamoja: kudai kazi ya viwango, na kumtisha mtu asiseme. Timu isiyoogopana lakini haidaiani, anasema, imestarehe tu. Timu inayodaiana huku inaogopana inaishi kwa wasiwasi, na wasiwasi huo ndio unaoficha makosa. Anachokitaka ni vyote viwili viwe juu kwa wakati mmoja, na anasema wazi kwamba ni kazi ngumu kuliko kuwa mpole.

Na makosa hayalingani. Katika makala aliyoiandika mwaka 2011 kwenye jarida la Harvard Business Review aliyapanga kama ngazi. Upande mmoja kuna mtu aliyevunja utaratibu kwa makusudi, huyo mlevi wako wa stoo. Huyo lawama zinamstahili, na hakuna anayemtetea. Ukisogea unakuta aliyepitiwa, kisha asiye na ujuzi aliyepewa kazi isiyo yake, kisha utaratibu wenyewe uliokuwa mbovu, kisha kazi iliyokuwa na vikwazo vingi vilivyogongana, mpaka mwisho unamkuta aliyejaribu jambo jipya kwa uangalifu na halikufaulu, ambaye anastahili kupongezwa.

Kuna swali huwa anawauliza wakurugenzi: makosa mangapi katika taasisi yako kweli yanastahili lawama? Wanafikiri, wanajibu asilimia 2, pengine 5. Kisha anauliza: mangapi yanashughulikiwa kama yanayostahili lawama? Kimya kidogo, kisha wanasema asilimia 70, wengine 90.

Baba, wewe ndiye uliyeziandika au kuzipitisha hizo barua za kujieleza kwa miaka 20. Sikuulizi kwa ubaya. Ngapi kati yake zilikuwa za yule mlevi, na ngapi zilikuwa za mtu aliyekutwa peke yake na wagonjwa arobaini?

Kuhusu familia ya marehemu, sina neno la kuwapunguzia. Ila nikiificha dozi ya leo, wa kesho naye atakufa kwa njia ileile, na familia ya pili itakuwa imeonewa na mimi, si na bahati mbaya.

Baba_Utumishi

Nimekuelewa binti. Nikijihoji kwa haki, za mlevi zilikuwa chache. Sijakubali yote, lakini hilo nalikubali.

Bahari_ya_Pwani

Hayo ni mambo ya Wamarekani, wenzetu wamezoea kumwita bosi kwa jina la kwanza. Huku kwetu mkubwa ni mkubwa. Mdogo akimkosoa mkubwa mbele za watu, hata akiwa sahihi, ameonekana hana adabu. Huwezi kuichukua nadharia ya Boston ukaipandikiza hapa.

Takwimu_Tupu

Mkuu Bahari, mimi ndiye niliyeanza kupinga huu uzi, sasa naomba nikupinge na wewe. Rudi kwenye ule utafiti wa 1996. Wodi zilizofunguka na wodi zilizofungika zilikuwa ndani ya hospitali zilezile mbili, mji mmoja, Wamarekani watupu. Na zile timu 51 zilikuwa za kampuni moja. Kama utamaduni wa nchi ndio unaoamua kila kitu, tofauti ile ingetoka wapi? Hata kwao watu wanaogopa bosi. Sikatai kwamba kwetu mlima ni mrefu zaidi. Nakataa kwamba wao hawana mlima.

Na adabu haizuii kusema. Kuna namna ya kumwambia mzee kwamba kanzu yake imeshika matope bila kumvunjia heshima. Tatizo ni mzee akishakugombeza mara ya kwanza.

Fundi_Mstaafu

Wanangu, mimi nimefanya kazi ya mitambo ya meli miaka 31, nimesoma uzi huu wote kwa miwani yangu mibovu. Nataka kusema neno moja. Kuna siku kijana wangu mmoja chini kule mashine alisikia mlio kwenye pampu. Akanyamaza, kwa sababu wiki iliyopita nilimfokea mbele ya wenzake kwa kuuliza jambo nililoliona la kitoto. Pampu ilipasuka tukiwa njiani, maji ya moto yakamuunguza mkono yeye mwenyewe. Hospitali aliniambia, "Fundi, niliusikia tangu asubuhi." Kijana yule ana kovu mpaka leo, na kila nikimwona kwenye msiba au harusi naliangalia lile kovu. Hilo tu.

Sista_wa_Zamu

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kutuamini na jambo hilo.

Kisa chako kimenikumbusha kile ambacho Edmondson na wenzake walikiandika kwa ajili ya kufundishia, cha chombo cha anga Columbia. Kiliruka tarehe 16 Januari 2003, na wakati wa kupaa kipande cha povu la kukinga joto kilichomoka kwenye tangi kikagonga bawa la kushoto. Mhandisi mmoja wa NASA, shirika la anga la Marekani, Rodney Rocha, alipotazama picha aliingiwa na hofu. Akaomba zitafutwe picha bora za bawa kutoka angani. Maombi hayakufika mbali. Kisha akaketi kwenye kikao ambacho suala lile lilipitiwa harakaharaka, na hakusema. Baadaye alipohojiwa na televisheni alieleza kwamba yeye alikuwa chini mno, na aliyeongoza kikao alikuwa juu mno. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi, watu saba wakafa.

Ni rahisi kumsoma mhandisi huyo kama mwoga. Edmondson anakisoma kisa hicho tofauti, na mimi naona ana haki. Mtu anayenyamaza kazini hapimi kama kijana wako alivyopima? Akisema na kumbe si kitu, aibu ni yake, na ni leo. Akinyamaza na kumbe ni kitu, hasara ni ya wote, na ni baadaye, labda isitokee kabisa. Kila siku mizani hiyo inaangukia upande wa kunyamaza, isipokuwa aliye juu aibebe makusudi upande wa pili.

Fundi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ni hivyo hasa.

Dk_wa_Usingizi

Mimi ni mtu wa ganzi na usingizi, ninasimama kichwani pa mgonjwa, kwa hiyo naomba niongeze utafiti wake ambao sisi wa chumba cha upasuaji unatugusa zaidi.

Upasuaji wa kawaida wa moyo, mfupa wa kifua unapasuliwa, daktari anauona moyo kwa macho yake na mshipa mkuu anaubana kwa mkono wake. Miaka ya 1990 ikaja njia mpya: tundu dogo katikati ya mbavu, na badala ya kibanio, puto dogo linapitishwa kutoka mshipa wa kinenani mpaka kwenye mshipa mkuu wa moyo, linajazwa, linaziba damu kwa ndani. Sasa fikirini. Daktari mpasuaji halioni puto. Anayeliona ni mtu wa usingizi kwenye picha ya mawimbi ya sauti, na anayehisi likisogea ni yule anayesoma shinikizo la damu, pamoja na mtaalamu wa mashine ya moyo na mapafu. Puto likihama na wao wakanyamaza, mgonjwa anaweza kufia pale pale. Mfalme wa chumba amekuwa mtu wa kuambiwa.

Edmondson, na wenzake Richard Bohmer na Gary Pisano, walizifuatilia hospitali 16 zilizonunua njia hiyo. Zote zilipata mafunzo yaleyale. Nyingine ziliimudu, nyingine ziliitupa. Makala ya 2001 inasema haikuwa suala la hospitali kubwa wala jina, wala fedha, wala wadhifa wa mpasuaji. Palipofaulu, mpasuaji aliwachagua watu wake kwa makini, akawaambia waziwazi kwamba hili jambo yeye hawezi peke yake, na walifanya mazoezi bila mgonjwa. Palipoanguka, mpasuaji aliliona kama kifaa kipya mkononi mwake tu, na wengine wakaendelea na mambo yao.

Nimefanya kazi na wapasuaji wa aina zote mbili. Tofauti unaisikia mpasuaji anapoingia, kabla hajavaa glovu. Yule wa kwanza anauliza, "Leo mnaonaje?" na anasubiri ajibiwe.

Bahari_ya_Pwani

Daktari, hilo la puto limenigeuza kidogo. Kwa hiyo kuna wakati mkubwa haoni, hata awe mkubwa kiasi gani.

Dk_wa_Usingizi

Mkuu, katika kazi nyingi za sasa ni hivyo kila siku.

Sista_wa_Zamu

Nashukuru daktari, hilo sikuweza kulieleza vizuri hivyo.

Niongeze kidogo kilichotokea baadaye, maana watu wengi wamelijua jina lake kupitia Google. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilianza kuchunguza timu zake wenyewe, timu 180, kutafuta kinachofanya timu iwe bora. Walitazama elimu, tabia, urafiki, nani anakula na nani, na hawakuona mpangilio. Mpaka walipoifikia kazi ya Edmondson, wakakuta kwamba kati ya mambo matano yaliyoonekana kubeba uzito, usalama wa kisaikolojia ulikuwa wa kwanza. Habari ikatoka magazetini mwaka 2016 na makala ya mwanafunzi aliyehangaikia wodi nane ikawa neno la kila semina. Kitabu chake cha mwaka 2023, kuhusu kukosea, kilipewa tuzo ya kitabu bora cha biashara cha mwaka na gazeti la Financial Times, na orodha ya Thinkers50, inayowapanga wanafikra wa uongozi na biashara duniani, ikamweka namba moja mwaka 2021 na tena 2023.

Umaarufu huo una gharama yake, nayo inaniuma. Neno limekuwa tamu. Linabandikwa ukutani na mameneja ambao hawajawahi kumuuliza mhudumu wao wa usafi swali lolote. Edmondson mwenyewe amelazimika kurudia tena na tena kwamba hazungumzii upole, wala kukubaliana, wala kuahidiwa kutofukuzwa kazi.

Takwimu_Tupu

Dada, wewe umefanya nini wodini kwako? Umetuambia lile daftari, kisha ukaenda Boston ukatuacha.

Sista_wa_Zamu

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu nne mfululizo.

Nilichukua kitu kimoja tu. Edmondson na wenzake waliandika kisa cha Julie Morath, aliyeingia kwenye uongozi wa hospitali ya watoto ya Minneapolis mwaka 1999 akitaka makosa yazungumzwe. Wafanyakazi wengi waliona hawana tatizo. Hakubishana nao. Aliwauliza kila mmoja awafikirie wagonjwa wake wa wiki ile: je, kila kitu kilikuwa salama kama ambavyo ungependa kiwe? Hapo watu wakaanza kukumbuka.

Mimi nilizoea kuuliza wakati wa kukabidhiana zamu, "Kuna tatizo?" Jibu ni hakuna, tangu nimeanza kazi. Nikabadilisha. Nikauliza kama yule mama: usiku huu kila kitu kilikwenda salama kama ambavyo ungependa? Kabla ya kuuliza nikawasimulia lile kosa langu la dawa ya jirani, lote, na kwamba sikuliandika. Mikono ilikuwa inanitetemeka, nakiri.

Siku tatu hakuna aliyesema neno. Walitazama chini, wakafunga makoti yao wakaondoka. Siku ya nne mhudumu wa wodi, mama mtu mzima ambaye katika miaka yote sijawahi kumsikia akizungumza kwenye makabidhiano, akasema, "Sista, vile vichupa viwili vya pale juu vinafanana. Nikipangusa rafu huwa navichanganya na kuvirudisha popote." Nikaenda naye kabatini. Kloridi ya potasiamu ilikuwa imesimama bega kwa bega na maji ya kuchanganyia sindano. Vichupa sawa, kimo sawa, maandishi madogo, na taa ya pale haifanyi kazi. Walio wauguzi humu wanajua potasiamu ikisukumwa moja kwa moja mshipani inafanya nini.

Tumeihamishia kwenye kabati lenye kufuli, mama yule ndiye aliyechagua rafu. Muuguzi mmoja kijana alikuja baadaye ofisini, akafunga mlango, akaniambia mwezi uliopita aliwahi kuvuta potasiamu kwenye bomba la sindano akaishtukia dakika ya mwisho. Nilimuuliza kama ataliandika. Akanyamaza kidogo, akaniomba kalamu.

Daftari sasa lina mistari kumi na mmoja kwa wiki tano. Mkuu wa kitengo ameshaniita kesho saa nne nimweleze kwa nini wodi yangu imeharibika.

Baba_Utumishi

Binti, usiende mikono mitupu. Nenda na daftari, na makala hiyo ya 1996 umeichapisha. Ukiandikiwa barua, nitumie ujumbe, nitakusaidia kuijibu.